Besi Iliyochelewa

Nilisikia. Niseme hivyo mwanzoni kabisa, kabla sijapata nafasi ya kuzungukazunguka kama ninavyojijua. Alfajiri ile ya Pasaka, kwenye makaburi ya usharika wetu chini ya Mlima Meru, bendi ilipomaliza ubeti wa kwanza na sisi sote tukashusha tarumbeta midomoni kabla ya ubeti wa pili, nilisikia noti moja nzito ya besi ikishuka kutoka migombani juu yetu. Ilikuwa imechelewa kidogo, vilevile alivyokuwa akichelewa siku zote mtu aliyezikwa wakati wa Kwaresima.

Kwa miaka mingi nilisema sikusikia. Nilisema ulikuwa upepo. Niliposhikwa vizuri nikasema ulikuwa mwangwi, na mtu akiendelea kunishika nilimweleza habari za mwangwi kwa urefu mpaka akaaga. Fizikia yenyewe niliiacha kidato cha pili, lakini nilikuwa msomi wa chuo kikuu, na msomi wa chuo kikuu hasikii marehemu wakipiga tarumbeta.

Tulimwita Mwalimu, ingawa hakufundisha darasa lolote. Alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi kama baba zetu, na Jumamosi mchana aliongoza bendi ya tarumbeta ya usharika. Tarumbeta zenyewe zilikuwa kongwe kuliko wazazi wetu, zimebonyea, zimechomelewa kwa fundi wa baiskeli. Yeye alipiga ile kubwa kuliko zote, besi. Ukimwona kwa mbali akishuka kilima ameibeba begani ungedhani ameng'oa sehemu ya lori.

Alikuwa na kosa moja. Kwenye mstari wa mwisho wa kila ubeti alivuta pumzi mahali ambapo hapavutwi pumzi. Basi sisi tukimaliza pamoja, noti yake ilifika baadaye, peke yake, kama mtu aliyechelewa ibada akiwa na viatu vinavyolia. Mgeni akimtazama, usharika ulimtazama mgeni. Tulishazoea kutosema Amina mpaka Mwalimu awe ametua. Mara moja Elirehema, aliyepiga kornet, ile tarumbeta ndogo, pembeni yangu na ambaye hakuwa na adabu hata siku ya Kipaimara, alithubutu kumwambia.

"Mwalimu, besi inachelewa."

"Besi haichelewi," Mwalimu alijibu, akipangusa mdomo. "Ni nyinyi mnaowahi. Mnawahi wapi? Kuna basi linawasubiri?"

Swali la usafiri lilikuwa karibu naye daima. Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza tena kuwa na sabuni na magari ya watalii yakaanza kutufukizia vumbi, alipita mgeni kutoka usharika rafiki wa Ujerumani. Alitusikia tukipiga, akapiga makofi, akasema, "Karibuni kwetu." Wengine tuliipokea karibu hiyo kama karibu ya chai inayosemwa mtu akiwa tayari ameshika mlango. Mwalimu aliipokea kama safari iliyobakiza tarehe tu. Tangu siku hiyo bendi ilikuwa na mazoezi ya aina mbili: ya nyimbo, na ya kusafiri.

Mazoezi ya kusafiri yalianzia mitumbani. Makoti marefu ya sufu yalikuwa bei ya bure kwa sababu hakuna mtu mwenye akili zake Arusha aliyeyataka. Mwalimu aliyachagua kwa kuyanusa.

"Mwalimu, hili mbona la mwanamke?" Elirehema alilalamika. Vifungo vyake vilikuwa na maua.

"Kwenye theluji hakuna mwanamke wala mwanamume. Kuna aliyevaa na asiyevaa. Funga vifungo."

Ndani ya mfuko wa koti lake mwenyewe Mwalimu alikuta kijitiketi cha tramu, treni ya barabarani, kimetobolewa, kimeandikwa Kijerumani. Alikihifadhi ndani ya kitabu cha nyimbo. Alikitoa kila mtu alipoonyesha mashaka juu ya safari. "Tazama," alisema, "nimeshakatiwa tiketi." Kijerumani chake alikipata kwenye vitabu vya nyimbo vya zamani, kwa hiyo aliweza kumwita Mwanakondoo wa Mungu na kuomboleza dhambi za ulimwengu, lakini asingeweza kuomba chumvi. Mtalii mmoja aliyesalimiwa naye mjini alivua kofia na kuinamisha kichwa, akidhani ameombewa. Labda aliombewa kweli.

Baada ya makoti yakaja mazoezi ya baridi. Huku kwetu upande wa kusini ni kijani na unyevu, baridi yake ya kistaarabu. Mwalimu alitaka baridi yenye upepo, na upepo uko Oldonyo Sambu, upande wa pili wa mlima, kwenye mashamba makavu na ng'ombe. Tulikwenda kwa lori lililokuwa linafuata mahindi. Yeye hakupanda. Aliondoka siku moja kabla, kwa miguu, akalala kwa jamaa njiani, tukamkuta anatusubiri barabarani na koti lake limejaa vumbi mpaka kwenye kola.

Maana hili ndilo lililokuwa gumu kulielewa kwa mtu yule: hakuweza kupanda gari. Gari likitembea tu, alitapika. Mara moja alijitahidi kwenda Dar es Salaam na kwaya, akashuka Korogwe, akamwambia kiongozi wa msafara kwamba atawafuata. Alirudi Arusha kwa mwendo wa watu wa zamani, akitembea na kuomba pa kulala, na alipofika nyumbani kwaya ilikuwa imeshapiga picha baharini na kurudi. Tulipomuuliza atawezaje ndege, alisema ndege haina kona.

Pale Oldonyo Sambu tulijipanga tukiwa na makoti, tukipuliza mpaka midomo ikafa ganzi. Mzee mmoja wa Kiarusha alisimamisha ng'ombe wake akatusikiliza wimbo mzima, amesimama kwa mguu mmoja.

"Mnamzika nani?" aliuliza.

"Hatuziki, mzee," Mwalimu alisema. "Tunafanya mazoezi ya baridi."

Mzee alilifikiria jambo hilo. "Baridi nayo inafanyiwa mazoezi?"

"Kwa sisi tunaosafiri."

"Basi mmeshaiweza," mzee akasema kwa huruma. "Nendeni nyumbani, mtoto huyu amekuwa bluu." Mtoto mwenyewe nilikuwa mimi.

Siku nyingine alitushusha mjini kujifunza kutazama sanaa. Alikuwa ameambiwa kwamba Ulaya watu hulipa ili kuingia kwenye jumba na kutazama picha ukutani, na hakutaka tumwaibishe. Karibu na hoteli za watalii palikuwa na vijana wachoraji walioegemeza kazi zao kwenye uzio: twiga, Wamasai warefu kama mianzi, machweo mekundu. Mwalimu alitupanga mstari mmoja, makoti yamefungwa, mikono nyuma. "Unasimama. Unatazama. Unarudi hatua moja nyuma, unatazama tena. Husemi kitu. Ukimaliza unavuta pumzi, hivi, halafu unahamia inayofuata."

Tulifanya hivyo kwenye uzio mzima. Jua lilikuwa la saa sita. Mchoraji mmoja alivumilia, kisha akashindwa.

"Mzee, unanunua au unahesabu?"

"Natazama."

"Na hawa?"

"Nao wanatazama."

"Mnanitisha wateja, mzee wangu. Wanadhani ni msiba."

Mwalimu alimsogelea. "Mlima wako umeukata kichwa," alisema kwa upole. "Twiga amekaa mbele."

"Mtalii anataka twiga."

"Mtalii atakwenda na twiga. Wewe utabaki na mlima. Mchore vizuri mtu utakayebaki naye."

Kijana alimtukana kimyakimya, lakini tulipopita wiki chache baadaye kulikuwa na picha moja mpya, mlima mtupu, una kichwa, hauna mnyama hata mmoja. Haikununuliwa. Mwalimu alikuwa akipita kuisalimia.

Katika ziara hizo tulipumzika Kaloleni, kwa shangazi yangu aliyekuwa amepanga chumba karibu na uwanja wa mpira. Jirani na hapo palikuwa na baa ambapo bendi ya dansi ilifanya mazoezi mchana. Mzee wa kanisa haingii baa. Mwalimu alisimama nje ya ua wa mabati, besi yake miguuni, sikio limeegemea bati, akimsikiliza mpiga gitaa la besi. "Yule kijana hana haraka," alisema siku moja, machozi yakimlengalenga. "Ameokoka bila kujua."

Nilimpenda kwa mambo hayo, na nilimchukia kwa jambo moja. Nilitaka kupiga besi. Nilipomwomba, msichana mimi, alinitazama kifuani kwa jicho la fundi cherehani, akanipa kornet. "Besi inataka kifua cha mwanamume," alisema. "Mwanamke ataipuliza itoe moshi tu." Wakati huo tulikuwa uani kwake. Mkewe, tuliyemwita Mama Mwalimu, alikuwa amekaa kwenye kigoda anaisugua besi kwa majivu na limau, kazi aliyoifanya mara nyingi kiasi kwamba tarumbeta ile ndiyo pekee iliyong'aa usharika mzima. Alicheka kidogo kwa pua, akaendelea kusugua.

Safari ikaja kweli. Barua ya mwaliko ilitaja nafasi nne, na kikao kikakaa. Aliteuliwa mchungaji, kwa kuwa ni mchungaji. Mwenyekiti wa wazee, kwa kuwa ni mwenyekiti. Mhazini, kwa kuwa fedha lazima ziwe na mtu. Na mke wa mhazini, kuwakilisha akina mama. Bendi ilirekodiwa kwenye kaseti ili iwakilishwe na kaseti. Wapigaji tulibaki, wakaenda wasikilizaji. Siku ya kuondoka Mwalimu alitupanga njia panda tukiwa na makoti yetu, tukawapigia wimbo wa kuwaaga mpaka gari likapotea, na noti ya besi ikafika baada ya gari kupotea.

Waliporudi aliwauliza swali moja tu. "Baridi ilikuwaje?"

"Baridi?" mchungaji alisema. "Mwalimu, kule ndani ya nyumba kuna joto kama jikoni. Unakaa na shati."

Niliuona uso wake. Nadhani kukosa safari alishakusamehe. Hili la joto hakulisamehe.

Baada ya hapo alianza kusafiri kwa njia yake. Kila aliyetoka mbali alitakiwa kumsimulia njia. Hakutaka habari za mji uliokwenda, alitaka barabara: mti gani, kona ipi, mlima uko upande gani wa dirisha. Mara ya mwisho nilipomwona alikuwa kitandani, kifua kimemkamata, koti la sufu limetandikwa juu ya blanketi. Nilikuwa nimekuja kumuaga nirudi chuoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kaa. Nipeleke Dar."

Nikampeleka. Nikaanzia Usa, nikapita Moshi, nikamwonyesha milima ya Upare kushoto na tambarare ya mkonge kulia na kushoto. Alikuwa amefumba macho, kichwa kinayumba kidogo kwenye mto kama mtu aliye ndani ya basi. Nilipotaja Korogwe akafumbua.

"Hapa ndipo niliposhuka," alisema. "Sasa nenda taratibu. Kuanzia hapa sipajui."

Nikaenda taratibu. Nilipofika Chalinze alikuwa amelala, au nilidhani amelala. Niliposimama akasema, macho yamefumbwa: "Pasaka nani atapiga besi?" Kijana aliyekuwa akijifunza alikuwa ametorokea Mererani kutafuta tanzanite. Nikasema tutampata mtu. "Wimbo bila besi hauna pa kukanyaga," akasema. Mkewe aliingia na uji, akamwambia aache kusumbua watoto wa watu.

Nilisikia habari za kifo chake nikiwa chuoni, na nikarudi nyumbani kwa Pasaka. Desturi yetu ni kwamba alfajiri ya Pasaka, kabla jua halijatoka, bendi inakwenda makaburini na kuwapigia waliolala habari ya ufufuo. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka magotini. Kaburi la Mwalimu lilikuwa bado udongo mtupu, limetitia upande mmoja. Tulipiga bila besi. Elirehema aliongoza.

Ubeti wa kwanza ukaisha, nayo ile noti ikashuka kutoka migombani. Nimeshasema. Kilichobaki ni kwamba hatukusimama. Hakuna aliyethubutu kusimama. Tulipiga ubeti wa pili, na safari hii kila mtu alikuwa akisikiliza chini ya sauti yake mwenyewe, na besi ilikuwepo, mbali, laini, ikitembea chini yetu hatua kwa hatua. Tukamaliza. Kimya. Kisha noti ya mwisho, imechelewa. Mama mmoja akaketi chini kwenye majani yenye umande. Kornet yangu ilianguka, na alama ya kubonyea bado iko pale kwenye mdomo wake. Ubeti wa tatu hatukuupiga. Mchungaji akatoa baraka harakaharaka kama mtu anayefunga dirisha.

Nyumba ya Mwalimu iko juu ya makaburi, imefichwa na migomba. Baada ya ibada mimi na Elirehema tulitumwa kumsalimia mjane, ambaye hakushuka kwa kuwa bado alikuwa kwenye msiba. Njiani tulikubaliana na kila tuliyekutana naye: asiambiwe. Mjane haambiwi kwamba mumewe hajapumzika. Tulimkuta anachochea moto, uso umelowa jasho, macho yanang'aa isivyo kawaida. Nilidhani ni kulia.

"Mmepiga?" aliuliza.

"Tumepiga, Mama."

Akageuza kuni. "Na huko chini mlisikia chochote?"

Elirehema aliangalia viatu vyake. Mimi, msomi, nikajibu kwa niaba ya usharika.

"Hapana, Mama. Hakuna kilichosikika."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Labda upepo."

"Haya," akasema. Wiki iliyofuata aliibeba besi mwenyewe mpaka kanisani, akaikabidhi, na watu wakasema kwa sauti ya chini kwamba amefanya vizuri kumfungulia mzee njia apumzike.

Habari ilienea mlima mzima. Kila mtu alijua, isipokuwa mjane mwenyewe. Wengine waliacha kupita makaburini jioni. Nilimsikia Mwalimu kwa namna yangu: kwenye lori lililopanda mlima kwa gia nzito, kwenye jenereta ya hosteli, wakati mwingine mwisho wa hotuba ya mtu, pale watu wanapoanza kupiga makofi na mimi nikasubiri kidogo. Kwa marafiki wa mjini nilisimulia kisa kile kama kichekesho juu ya watu wengine walioamini. Nilikuwa nakisimulia vizuri sana.

Miaka ikapita. Simu za mkononi zikafika hata kwa watu wa kawaida kama mimi. Adhuhuri moja nilikuwa Kaloleni kwa fundi viatu, mguu mmoja peku, namba nisiyoijua ikanipigia.

"Ni mimi Mama Mwalimu. Niko Olasiti kwa binti yangu. Simu ni yake, kwa hiyo nisikilize haraka."

"Shikamoo, Mama!"

"Marahaba. Elirehema alikuja jana kunisalimia. Amekuwa mzee wa kanisa, ameota kitambi, na mdomo wake ni uleule. Ameniambia kwamba Pasaka ile mlisikia besi. Ameniambia wewe uliangusha kornet."

Fundi alikuwa anagonga msumari. Nikamwomba asubiri.

"Ni kweli, Mama."

"Nilikuuliza. Ukaniambia hata kidogo."

"Tuliogopa kukuumiza, Mama. Tulidhani ni Mwalimu."

"Mwalimu alikuwa amekufa, mwanangu," akasema, kama anayemweleza mtoto. "Nilikuwa mimi. Nilikuwa nimesimama nyuma ya nyumba, kwenye migomba. Wewe ulidhani siku zote zile nilikuwa naisugua tu? Yeye akishuka mjini na ninyi na makoti yenu, mimi nilikuwa naijaza kanga mdomoni isisikike mbali, na ninapiga. Siku ile nilitoa kanga kwa mara ya kwanza. Nilitaka kujua kama inafika. Wewe ndiye uliyekuwa unajua muziki, ndiyo maana nilikuuliza wewe. Uliposema haikufika, nikajua alisema kweli kuhusu kifua. Nikairudisha."

Nilisimama, mguu mmoja peku.

"Ilifika, Mama," nikasema. "Ilifika yote. Ilikuwa imetulia kuliko ya kwake. Nywele zilinisimama."

"Na mwisho? Niliingoja ile ya mwisho, kama wimbo unavyotaka."

"Wimbo hautaki hivyo, Mama. Noti ile inapigwa pamoja na sisi. Ni Mwalimu aliyekuwa akiishiwa pumzi."

"Miaka yote ile?"

"Miaka yote."

Nikasikia anacheka, kwanza kwa pua, kisha kwa kifua kizima, kicheko kirefu kilichomfanya binti yake aulize kitu kwa mbali. "Na mimi pumzi nilikuwa nayo!" alisema. "Nilikuwa nayo, nimesimama pale nimeishikilia!" Alipotulia, sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye shughuli. "Hebu niambie, ile besi bado iko kanisani?"

"Sijui, Mama. Naweza kuuliza."

"Uliza leo. Kupuliza kunataka meno ya mbele, si ndiyo? Basi waambie ninayo yote."